Sauti Ndani ya Mandolini

Haya yalimpata rafiki yangu Leodgar, fundi redio wa Tabora mjini, na mpaka leo ukimwuliza huinuka kitini. Bi Shazia, muuza vitambaa, alimpa mandolini, ala ya nyuzi kama gitaa dogo, aliyoachiwa na babu yake na iliyokaa kabatini miaka mingi. Leodgar akaibadilishia nyuzi, akafunga ndani yake kinasa sauti kidogo cha kupeleka mlio kwenye spika, apate kuipiga kwenye harusi ya dada yake kule Sikonge.

Alasiri moja wingu la mvua likatia giza nyumba nzima. Akawasha spika aijaribu. Kabla hajagusa uzi hata mmoja, spika ikatoa mchakacho wa nyayo nyingi zikikanyaga majani makavu, na kikohozi cha mtu aliyechoka.

“Umefungua redio?” mkewe Advera akauliza kutoka jikoni.

“Si redio, mama.”

Nyayo zikazidi kukaribia. Leodgar akaliziba tundu la mandolini kwa kiganja. Nyayo zote zikasimama kwa pamoja. Ikabaki mvua juu ya bati.

Kisha, ndani ya spika, mwanamke akawauliza wenzake kwa mnong'ono:

“Nani amefunga mlango?”