Sista Moni Anatafuta Mchapishaji

Kila asubuhi Monimala Hazra huchemsha chai, na mumewe Tarak huisubiri huku akisoma gazeti kwa sauti, kana kwamba mtaa mzima wa kaskazini mwa Kolkata umemwomba awasomee. Tarak alikuwa karani wa reli. Sasa amestaafu, na kazi yake kubwa ni kukaa kwenye kibanda cha chai cha Poltu na kubishana na wenzake kuhusu mpira na serikali. Binti yao, Tuki, ameolewa mbali.

Monimala naye amestaafu. Alikuwa muuguzi katika wodi ya watu walioungua. Mtaani kwetu tunamwita Sista Moni mpaka leo. Mtu akiungua, hata kwa mvuke wa sufuria, mlango wa kwanza kugongwa ni wake.

Hodi hizo ndizo zilizomfanya aandike kitabu. Watu walikuja wamepaka dawa ya meno kwenye jeraha. Wengine walipaka manjano, wengine majivu. Siku moja mama mmoja alimleta mwanawe ambaye mkono wake ulikuwa umezikwa ndani ya barafu tangu asubuhi. Maji ya moto yalikuwa yameunguza ngozi ya juu tu. Barafu ikaua nyama ya ndani, na mtoto akapoteza kidole.

Sista Moni hakumsahau mtoto yule. Akaanza kuandika kila alasiri: nini cha kufanya kwanza mtu akiungua, jinsi ya kufunga jeraha nyumbani, jinsi ya kunyoosha vidole visikakamae. Baada ya miaka miwili mswada ukakamilika.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mchapishaji mkubwa wa kwanza alimjibu kwamba hajulikani. Wa pili alisema vitabu vya namna hiyo haviuziki. Wa tatu mpaka leo yuko kimya.

Ndipo Tarak alipoona tangazo kwenye simu yake. Kampuni moja ya hapo hapo mjini ilisema: mwandishi anachangia gharama, nasi tunachangia, kitabu kinatoka. Wakaupeleka mswada. Siku ya pili tu, bwana mmoja aitwaye Anirban akapiga simu.

"Mama, nimekisoma chote. Machozi yamenitoka," alisema. "Kitabu chako kitakuwa kwenye Maonyesho ya Vitabu mwezi huu huu."

Basi Tarak hakuweza kungoja chai ipoe. Alishuka mbio mpaka kwa Poltu akatangaza. Na hapa Kolkata, Maonyesho ya Vitabu si jambo dogo. Hata mtu ambaye hajafungua kitabu mwaka mzima huenda, akala chapati za mayai, akarudi na mfuko wa vitabu ili majirani wamwone. Kuwa na kitabu chako pale ni kama kumwoza binti kwa bwana harusi mwenye digrii mbili.

Lakini Sista Moni hakufurahi. Aliunguza dengu mara mbili, yeye ambaye hakuwahi kuunguza hata maziwa. Moyo ulimwambia kuna kitu hakiko sawa, na hakujua ni kitu gani.

Ikafika sikukuu ya Saraswati, mungu wa elimu. Mwaka huo iliangukia wiki moja kabla ya Maonyesho. Sista Moni alivaa sari ya manjano. Alipanga kunazi na maua mbele ya sanamu, kisha akaweka vitabu vyote vya nyumba na kalamu zote miguuni pake. Mswada wake akauweka juu kabisa. Siku hiyo hakuna anayesoma wala kuandika. Hata mtoto mvivu kuliko wote huishika sheria hiyo kwa moyo wake wote.

Simu ikalia. Alikuwa Bwana Anirban.

"Mama, ofa yetu inakwisha leo jioni. Nakuletea mkataba sasa hivi. Weka saini, toa malipo ya kwanza, mashine zianze kazi."

"Leo?" Sista Moni aliuliza. "Leo ni Saraswati. Kalamu zetu ziko kwenye ibada."

"Saini ni sekunde moja tu, Mama. Ukikosa leo, Maonyesho umeyakosa."

Alipokata simu, Tarak alikuwa tayari amenyoosha mkono kuelekea kalamu.

"Baba Tuki! Usiguse!"

"Mungu mwenyewe ni wa vitabu," Tarak alijitetea. "Ataelewa. Nimeshawaambia watu wote kule kwa Poltu. Unataka nikanywe chai wapi, kule mbali Siliguri?"

"Kanywe hata mtoni. Mimi nauwazia mswada wangu, wewe unawaza kibanda!"

Wakati wanavutana, Rehana Laskar akapiga hodi. Rehana anakaa ghorofa ya chini yao. Ni mhariri katika kampuni ya vitabu vya shule, na kila Saraswati hupanda kula kichuri, ule wali wa dengu wa Sista Moni.

"Dada Moni, vita vinasikika mpaka kwangu," alisema. "Kuna nini?"

Wakamweleza. Rehana akaweka sahani chini.

"Mtu wa vitabu wa Kolkata anataka saini siku ya Saraswati? Hata mimi ninayesali Ijumaa najua leo hakuna kuandika. Ofisini kwetu tumefunga. Huyu ana haraka ya nini?"

"Ya Maonyesho," Tarak akajibu.

"Kaka Tarak, kitabu hakiivi kama yai. Nani atakihariri kwa wiki moja? Nani atasahihisha?"

Sista Moni alikaa kitini taratibu. "Kwa hiyo mtu akitaka mwandishi alipe, ni tapeli?"

"Hapana, dada. Kulipa peke yake si kosa. Wapo wanaoitwa wachapishaji mseto. Wewe unachangia gharama, wao wanatia kazi: mhariri, mchora jalada, watu wa kukipeleka madukani. Na kwa kuwa umechangia, fungu lako kwenye kila nakala inayouzwa ni kubwa kuliko la kawaida. Wa kweli huchagua miswada, na mingi huikataa, kwa sababu kitabu kibaya kitamharibia jina. Huyu wa uongo hakatai mtu. Wewe ndiye biashara yake. Akishakupata wewe, msomaji hamhitaji."

"Tutajuaje yeye ni yupi?"

"Kwanza, mswada wako nani ameusoma pale?"

"Yeye mwenyewe. Alisema amelia."

"Alilia ukurasa wa ngapi?"

Sista Moni aliugeukia mswada wake pale mbele ya sanamu.

"Mpigie," Rehana alisema. "Usimtege. Muulize tu anakumbuka nini kuhusu jambo ambalo kwako ni kubwa kuliko yote."

Sista Moni alipiga. Aliiweka simu katikati ya meza ili wote wasikie.

"Bwana Anirban, niambie kitu kimoja. Yale niliyoandika kuhusu barafu, uliyaonaje?"

"Barafu!" Sauti ilichangamka. "Ah, Mama, hapo nilisisimka. Ulivyoeleza kwamba barafu iwekwe upesi, kabla ya kitu kingine! Tutayaweka maneno hayo nyuma ya jalada, kwa herufi nyekundu kubwa, kila mama ayaone."

Ukurasa wa kwanza wa mswada, pale miguuni pa Saraswati, ulikuwa umeandikwa: Maji, si barafu. Sista Moni aliziba mdomo kwa pindo la sari. Alimwona tena yule mtoto na kidole chake.

Tarak ndiye aliyeivuta simu. "Bwana, leo ni Saraswati. Nyumba hii hatuandiki."

"Basi kesho asubuhi, mzee?"

"Kesho pia hatutaandika. Wala keshokutwa. Kula sikukuu yako vizuri."

Akakata. Kisha akakaa akiangalia sakafu, na masikio yake yalikuwa mekundu. "Mama Tuki," alisema, "nilikaribia kushika ile kalamu."

"Niliona," mkewe akajibu, na akampakulia kichuri.

Kesho yake Sista Moni na Rehana walikwenda mtaa wa vitabu, kule ambako maduka yamebanana mpaka vitabu vinauzwa barabarani. Rehana alimfundisha kuuliza maswali ya kawaida kabisa. Je, mnauza vitabu vya kampuni hii? Vinakuja kwa wakati? Wateja wanavirudisha? Kuhusu kampuni ya Anirban, wauzaji wengi walitikisa kichwa. Muuzaji mmoja alikuwa na nakala moja. Alipoifungua, kurasa nne zikadondoka.

"Hii niliachiwa na mwandishi mwenyewe," alisema. "Maskini, ana nyingine mia tatu kitandani kwake. Analala sebuleni."

Sista Moni hakucheka.

Kuhusu wachapishaji wengine wa kuchangia, walichukua vitabu mkononi, wakavikunja mgongo, wakasoma kurasa kadhaa. Vitatu vilikuwa vizuri. Nyuma ya kila kimoja kulikuwa na jina la mwandishi, na kwa Kolkata si kazi kumpata mtu. Kila mtu ana binamu anayemjua. Sista Moni aliwapigia. Mmoja alimwambia mchapishaji wake ni mwema lakini hesabu za mauzo hazileti. Mwingine, mwalimu aliyeandika kuhusu madimbwi ya samaki, alisema, "Mimi walinisumbua mwaka mzima kwa maswali. Niliwachukia. Leo kitabu kiko kwenye maktaba za wilaya tatu."

"Aliyekusumbua ni nani?"

"Sharmistha Nag. Usitarajie akusifu."

Kweli hakumsifu. Sharmistha Nag alikuwa mwanamke mwembamba katika chumba kilichojaa karatasi. Alipokea mswada, akaupima kwa mkono.

"Nitakujibu baada ya mwezi," alisema. "Huenda nikakataa."

"Na malipo ya kwanza?"

"Malipo ya nini? Sijakisoma."

Mwezi huo ulikuwa mrefu. Maonyesho yalikuja yakapita. Kule kwa Poltu walimtania Tarak mpaka akahamia benchi la nyuma. "Kitabu cha shemeji kiko wapi? Kinakuja kwa miguu?" Sista Moni kila siku aliwaza, na kama naye atakataa? Na kama nimetupa nafasi pekee niliyokuwa nayo?

Jibu lilipofika, alilisoma amesimama. Uso ukamwiva.

"Baba Tuki! Anasema sura ya nne haieleweki! Anataka daktari bingwa apitie kila neno la dawa! Anauliza kwa nini nimesema kitambaa safi bila kueleza usafi wa namna gani! Mimi, miaka yote ile wodini..." Akanyamaza. Akasoma tena. Polepole akakaa. "Amekisoma," alisema, na machozi yakamtoka. "Amekisoma chote."

Hata hivyo hawakusaini siku hiyo. Sharmistha alikuwa amekubali kukichapa, na mkataba ulioambatana na jibu walishuka nao kwa Rehana.

"Angalia hapa kwanza," Rehana alisema. "Haki za kitabu ni za nani? Ni zako. Wao umewapa ruhusa ya kukichapa na kukiuza kwa miaka mitano. Wakiacha kukiuza, ruhusa inakufa. Wale wa uongo hukichukua milele. Hapa imeandikwa watafanya kazi gani, na wewe utalipa kwa hatua, kazi ikionekana. Hapa ni fungu lako. Hapa watakuletea hesabu mara mbili kwa mwaka. Lakini sijaona watakipeleka maduka gani. Rudi ukaulize."

Sista Moni alirudi, akauliza, na Sharmistha akaongeza kifungu bila kununa. Ndipo akaweka saini.

Daktari bingwa alisahihisha mambo mawili. Sura ya nne iliandikwa upya mara tatu. Kitabu kilitoka wakati wa mvua, wakati hakuna maonyesho wala shamrashamra. Tarak alinunua nakala ya kwanza kwa fedha yake, akampelekea Poltu. Mkewe Poltu, Jhuma, aliyejifunza kusoma ukubwani, akakitundika kwa kamba kando ya jiko, akawa anakisoma kidogo kidogo akiosha vikombe.

Siku moja, mvua ikinyesha, Tarak alikuja mbio juu na shati limelowa.

"Mama Tuki, njoo! Poltu kajimwagia maziwa ya moto!"

Sista Moni alishuka ngazi bila viatu. Muuza samaki wa jirani alikuwa amesimama katikati ya njia na ndoo ya barafu, barafu ikimyeyukia miguuni. Jhuma alikuwa amemkalisha mumewe chini ya bomba la mtaa. Maji yalitiririka juu ya mkono wake. Pete alikuwa ameshamvua.

"Sogea na barafu yako!" Jhuma alikuwa akimfokea muuza samaki. "Nimekwambia maji! Dakika ishirini! Kitabu kimesema!"

"Barafu ni baridi zaidi," muuza samaki alilalamika. "Nataka kusaidia tu."

"Kasome ukurasa wa kwanza!"

Sista Moni alichuchumaa. Akautazama mkono kwa makini, akaugeuza, akamwambia Poltu akunje vidole kimoja kimoja. Vyote vitano vilikunjika. Ngozi ilikuwa nyekundu, yenye malengelenge mawili madogo.

"Umefanya vizuri, Jhuma," alisema. "Hakuna la kuongeza. Zikiisha dakika ishirini za maji, kitambaa safi, kisha zahanati."

Lakini yeye alibaki amechuchumaa. Tarak akamshika mkono.

"Mbona huinuki? Jeraha si dogo tu?"

Sista Moni alikitazama kitabu kilichoning'inia kando ya jiko, kimepata doa la chai jaladani.

"Ni dogo," alisema. "Nawaza zile herufi nyekundu za barafu, za Bwana Anirban."