Makala ya Karatasi

Kila alipotoka shule, Alima alipitia kwa maseremala wa mtaa wa Ndosho, mjini Goma, kuzoa unga wa mbao, kisha akarudi nyumbani kuloweka karatasi. Kazi hiyo alifundishwa na Umutesi, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga chumba katika ua wao. Umutesi na wenzake walikusanya karatasi zilizotupwa chuoni, wakazikanda na unga wa mbao kuwa makala, yaani makaa, ya kupikia. Baadaye waliona si haki elimu hiyo ibaki ndani ya kuta za chuo ilhali msitu wa Virunga unakatwa ili mji upate makala. Ndipo wakaanza kuwafundisha akina mama wa mtaa.

Kufinyanga makala hayo si kazi ngumu, ila kuyakausha kunataka subira. Msimu wa mvua ulipofika, makala ya Alima yalikawia kuwaka, na rafiki yake Asma akamcheka.

"Yako inalia tu, haiwake!"

Maneno hayo yalimchoma Alima. Akakumbuka jinsi watu wengi wa Goma wanavyowasha babula, yaani jiko la makala: wanatia kipande cha sashe, ule mfuko mwepesi wa plastiki, na moto unashika mara moja. Umutesi alikuwa amekataza plastiki kabisa. Lakini Alima alitaka sifa upesi, akasahau kwamba haraka haraka haina baraka. Alikata sashe vipande vidogo, akavikanda pamoja na karatasi. Makala yalipokauka yaliwaka vizuri, na majirani wakayagawana wakimsifu.

Mdogo wake, Jafari, alipenda kuota moto mvua ikinyesha. Siku chache baadaye alianza kukohoa, na asubuhi moja akakosa pumzi. Mama yao, Mama Asumini, akambeba mbio hadi kituo cha afya, akaambiwa ni moshi wa jikoni. Waliporudi, majirani walikuwa wamejaa uani.

"Umutesi, ile makala yako itatuulia batoto!" Mama Kasereka alifoka, akimwaga karai lake la makala chini. "Hata kwangu banakohoa. Tunarudilia makala ya pori!"

Umutesi aliinamisha kichwa. "Munisamehe, bamama. Pengine nilifundisha mubaya. Tutasimamisha kazi."

Alima alijua kosa ni lake. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angemshuku. Lakini alimwona Jafari begani mwa mama, akivuta pumzi kwa shida, na machozi yakamtoka.

"Si yeye," akasema. "Ni miye. Niliweka sashe mu makala juu iwake mbio. Umutesi alikataza."

Umutesi aliokota kipande kimoja, akakivunja, na plastiki ikaonekana ndani. Hakumkaripia Alima. Aliwaomba majirani wote walete makala yale yatengwe, yasichomwe tena. Mama Kasereka alikuwa wa kwanza kuinama na kuyaokota aliyoyamwaga.

"Kesho nitakuja tujifunze tena," alimwambia Umutesi kwa sauti ya chini.

Majirani walipoondoka, Mama Asumini alimlaza Jafari, akamketisha Alima kando yake.

"Uliumiza ndugu yako, mwanangu, sitakudanganya," alisema. "Na kazi ya batu wote ilikaribia kufa juu ya mutu moja. Lakini ulisema ukweli: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama ungenyamaza, leo ningepika tena na makala ileile, na Jafari angekaa pembeni ya moto."