Usiniwekee Kijiko

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalipoanza, vidole vyangu vilikuwa ndani ya nywele zake.

Mimi ni msusi, na Kidosho alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Jina hilo tulimpa mtaani kwa sababu ya umbo lake, naye aliliitikia bila aibu hata alipokuwa na tumbo la miezi tisa. Alijifungua salama mtoto wa kike. Mtoto alipofikisha wiki moja, mama yake aliniita mchana nimsuke, maana alidai anafanana na mtu aliyetoka kupigana. Akakaa kwenye kigoda, mimi nyuma yake ukingoni mwa kitanda, mtoto amelala pembeni yangu. Mkwewe alikuwa uani anafua. Mumewe, fundi wa kuchomelea, alikuwa karakanani kwake mwisho wa mtaa. Tulikuwa tunamsengenya mtu fulani, simtaji.

Hata msuko wa kwanza haukuisha, akaniomba nilegeze mkono, kichwa kinamuuma. Nikamtania kwamba uzazi umemfundisha kudeka. Akasema kinamuuma tangu jana na dawa haisaidii. Nikamgeuza nimtazame. Uso ulikuwa umevimba. Nikambonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki vilevile nilivyoliacha.

Akaniuliza kwa nini namulika tochi machoni mwake. Sikuwa na tochi. Kisha akaanza kupapasa hewani akinitafuta, na mimi nipo mbele yake, jua limejaa chumba kizima.

"Shoga yangu," alinong'ona, "mbona umefunga dirisha?"

Nikamwita mkwewe. Bibi aliingia na povu la sabuni mikononi, akamtazama mkaza mwanawe, akaenda jikoni mara moja, kisha akaja akafunga mlango kwa ufunguo. Nilisema tumpeleke hospitali. Alikataa katakata. Alisema hayo ni mambo ya chumba kile, na mtu wa pepo akichomwa sindano hafiki jioni. Angemtuma mtu amwite mganga, mimi ninyamaze tu.

Nilijua anazungumzia nini. Mke wa kwanza wa fundi alifia chumbani humo humo, siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akachukuliwa na wajomba zake. Mimi sikumkuta. Mtaani walisema shetani alimrusharusha mpaka akakata roho. Aliyekuwa naye ni huyu bibi peke yake.

Kidosho akageuza kichwa. Aliielekea kona ya chumba, palipokuwa na ndoo tu. Macho yake yalikuwa wazi na hayakupepesa.

"Mama, huyu aliyekaa hapa ni nani?"

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Yupo. Amejishika shavu. Jino lake limekatika." Akatega sikio. "Anasema usiniwekee kijiko."

Nikamtazama bibi. Mkono wake mmoja ulikuwa nyuma ya mgongo. Kitu cha chuma kikaanguka sakafuni. Kilikuwa kijiko.

Niliogopa. Kidosho hakuwa akiona hata mkono wake mwenyewe.

Kisha akakakamaa. Akaanguka. Mwili ukaanza kutetemeka wote, meno yamebana. Nikamlaza ubavu. Nikamshika kichwa kisigonge sakafu. Mtoto akaamka akalia. Bibi alikuwa amesimama tu, ufunguo mkononi.

Nikamwambia, "Mama, fungua. Huyu naye anakufa."

Akafungua. Nikakimbia kumwita fundi. Nikiwa mlangoni nilimsikia bibi akiomba msamaha, tena na tena, kwa sauti ya chini. Nikageuka. Hakuwa akizungumza na Kidosho. Alikuwa ameielekea kona.

Tulipomfikisha hospitali, daktari alituambia ni kifafa cha mimba. Watu hudhani mama akishajifungua amevuka, kumbe kinaweza kumvizia hata baada ya wiki kadhaa. Presha ilipanda mpaka ubongo ukavimba kwa nyuma, sehemu inayohusika na kuona. Ndiyo maana ya mianga, ndiyo maana ya giza. Na huyo mgeni wa kona je? Alisema ubongo wa namna hiyo huweza kujitungia mambo. Wakamchoma sindano, ile ile iliyoogopwa, na degedege likakoma. Macho yakarudi polepole, mwanga kwanza, halafu koti la muuguzi, mwisho uso wa mtoto wake. Alilia, na mimi nikalia.

Muuguzi alitusifu kwa kutomtia chochote mdomoni. Wengi huvunjwa meno, alisema, na wengine hupaliwa wakafa. Bibi akainuka akatoka.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi. Alinieleza bila kuniangalia. Yule wa kwanza alimpenyezea kijiko kwa nguvu ili asijing'ate ulimi. Jino likakatika, likaingia kooni, akapaliwa mikononi mwake. Kijiko alikitupa chooni mwenyewe. Hajawahi kumwambia mtu, hata mwanawe.

"Sasa Kidosho alijuaje?" akaniuliza.

Kidosho aliporuhusiwa, tulipofika chumbani mwake, mimi ndiye niliyefungua mfuko wa nguo za mtoto. Niliufunga mwenyewe wodini, na haukutoka mkononi mwangu njia nzima. Katikati ya nguo, ndani ya shuka dogo la mtoto, kulikuwa na kijiko. Kile kilichoanguka siku ile nilikuwa nimekiona jikoni, kwenye kikombe cha vijiko. Hiki kilikuwa na kutu, shingo imepinda, na alama za meno zimezama kwenye chuma. Meno ya Kidosho yote yapo.

Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akaenda nacho moja kwa moja hadi kwenye kona, akakaa chini. Mimi sikumwambia nilichokigundua nilipokishika.

Kilikuwa na mate. Na kilikuwa bado na joto.