Kitabu Kilichonuka Moshi

Kila Jumamosi, baada ya kufagia darasa, wanafunzi wa Nyamitaba walipanga mstari mbele ya kabati la Mwalimu Callixte. Vitabu vilikuwa vichache kuliko watoto, kwa hiyo kila benchi lilipewa kimoja. Waliokaa pamoja walichagua pamoja.

Verdiane na Emérita walikuwa chanda na pete. Waligawana benchi, wino, hata kiazi cha kuchoma. Lakini siku hiyo, mbele ya kabati, kitumbua kiliingia mchanga. Verdiane alitaka hadithi za mabaharia. Emérita alishika kitabu cha ufugaji.

"Hii ya ngombe njo nataka," alisema. "Ndama yetu iko mugonjwa, inaharisha. Papa hajue ya kufanya."

"Kila siku tunaona ngombe," Verdiane alinung'unika. "Mu kitabu tena tuone ngombe?"

Mwalimu akawapa cha ng'ombe. Emérita alikuwa anakwenda kukata majani, basi Verdiane akakibeba kitabu na kuahidi kukileta kesho yake baada ya misa.

Njiani hasira ilimpanda. Alipofika nyumbani alikificha darini, juu ya moto, mahali mama yake alipotundika mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu. Familia yote iliweka huko vitu vya thamani. Aliwaza kwamba Emérita akikikosa, wiki ijayo atakubali mabaharia.

Jumapili, nje ya kanisa, Emérita aliuliza, "Dada, kitabu iko wapi?"

"Mwalimu alikichukua tena," Verdiane alijibu, macho chini. "Muntu mwingine alikiomba."

Laiti Emérita angegomba! Alisema tu, "Sawa, dada," akamkatia nusu ya kiazi chake.

Jumatatu Emérita hakuja shule. Benchi likawa pana mno. Verdiane hakusikia hata neno moja la somo, maana dhamiri ilimtafuna. Kengele ilipolia alitimua mbio nyumbani, akapanda darini. Kumbe! Moshi unaohifadhi mahindi hauhifadhi karatasi. Jalada lilikuwa jeusi, kurasa zimejikunja, na zilinuka jiko.

Alikipeleka hivyo hivyo. Emérita alikuwa amepiga magoti zizini, kichwa cha ndama mapajani mwake. Mama yake, Mama Adelaïde, alikuwa kando akipepea moto.

"Mwalimu hakukichukua," Verdiane alisema, machozi yakimtoka. "Mimi njo nilikificha. Nilisema uongo. Munisamehe."

Emérita alikitazama kitabu. Kisha akasema, "Soma. Mikono yangu iko michafu."

Verdiane akasoma kwa sauti: majani makavu chini ya ndama, maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, maziwa kidogo kidogo badala ya mengi kwa pamoja. Mama Adelaïde alifuata kila neno. Siku mbili zilipita kabla ndama hajasimama, na kila jioni Verdiane alikuwa zizini akibadilisha majani.

Jumamosi alimpa Mwalimu kitabu, akamweleza yote bila kuficha. Mwalimu Callixte alikinusa, akatikisa kichwa.

"Verdiane, wewe unapenda bahari, Emérita anapenda ngombe. Hiyo haiko kosa, hata mu nyumba moja watoto hawapende chakula kimoja. Kosa ni kuona kama kile hupendi hakina faida kwa mwenzako, halafu kusema uongo juu yake. Ingekufa ile ndama, ungeilipa na nini?"



Emérita alinyoosha mkono kabatini, akatoa hadithi za mabaharia. "Leo tuchukue hii," alisema. "Utanisomea."

Kitabu cha ufugaji kilirudi mahali pake. Mwaka ule wote, kila mtoto aliyekiazima alikunja pua na kuuliza, "Mbona iko nanuka moshi?" Na kila mara Verdiane alinyanyua mkono na kusema, "Ni mimi."