Wanawake Watano wa Mchoraji

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu, na fundi fremu alikuwa ameisimamisha foleni nzima akitafuta penseli yake ya njano. Alipekua mkoba, akapapasa mifuko ya aproni yake ya buluu, akamtupia jicho baya kila aliyesimama karibu.

"Dada," sauti ikamwambia kwa upole, "iko sikioni."

Aligeuka akakutana na kijana mrefu, shati limetapakaa rangi, anacheka kwa macho tu. Alikuwa mchoraji. Penzi lao lilianzia hapo, na kwa miezi minane simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Unachora nini siku hizi?"

"Siri. Utaona mwenyewe."

"Haya, bwana siri!"

Basi fundi akasubiri, mpaka mchoraji alipoleta picha tano kwenye karakana ambako fundi alifanya kazi na shangazi yake, zitiwe fremu kwa maonyesho ya Jumamosi. Fundi alipozifungua peke yake, moyo ulimlipuka. Wanawake watano! Mmoja alikuwa pembepembe tupu kama vipande vya kioo, mwingine madoadoa mengi, mwingine mistari ya wino mweusi, mwingine uso wa kijani uliovurugwa kwa brashi nene. Wa tano alionyesha mgongo, naye alichorwa kwa uangalifu hata unywele mmojammoja ulionekana.

"Shangazi, ana wanawake watano huyu!"

"Kuuliza si ujinga, mwanangu. Mpigie."

"Simpigii ng'o!"

Mchoraji alipiga simu siku tatu bila kupokelewa, mpaka akaacha. Ijumaa asubuhi, macho yamemvimba, fundi alikaa kukata fremu ya mwisho. Ataikabidhi, kisha basi, kila mtu na njia yake. Akataka kutia alama kwenye ubao. Penseli haipo!

"Shangazi, nani kachukua penseli yangu?"

Shangazi alicheka tu. Fundi akainua mkono sikioni, akaikuta. Hapo hapo akaganda. Mbele yake, juu ya sikio la ule uso wa kijani, palikuwa na mstari wa njano.

Akaruka kwenye picha ya madoa: madoa ya njano, yamejipanga juu ya sikio. Kwenye pembepembe: pembe moja nyembamba, ya njano. Kwenye wino mweusi, mstari mmoja tu ulikuwa na rangi. Na yule aliyegeuka alikuwa na penseli yenyewe, pamoja na alama za meno mwishoni, pale anapopenda kuitafuna akiwaza. Nani ajuaye kisogo chake mwenyewe? Fundi alipiga magoti sakafuni kwenye vumbi la mbao, machozi yakimtoka. Hakuwahi kudhani kwamba binadamu anaweza kutazamwa hivyo, kwa macho matano tofauti, na yote yakampenda.

Akampigia mchoraji simu.

"Wewe! Wote hawa ni mimi?"

"Wote."

"Mbona hawafanani?"

"Nimejaribu kila mtindo ninaoujua, mpenzi. Kila mmoja unakushika kidogo, mengi yako yanabaki nje. Nahitaji muda."

"Muda gani?"

"Maisha yangu yote, ukinikubali. Nikuoe?"

Fundi akamgeukia shangazi: "Anataka kunioa!"

"Mjibu basi," shangazi akapaza sauti, "gundi inakauka!"

"Ndiyo," akasema, akicheka na kulia. "Lakini picha ya sita tukae wote wawili. Fremu nakata mimi."