Mtu wa Kumi na Mbili Sokoni

Kwenye ukurasa wa saba, picha ya tatu, soko lilikuwa na watu kumi na mmoja. Gédéon aliwajua wote: mama wa samaki, fundi baiskeli, mlevi aliyelala, hata yule mwizi wa kuku ambaye wekundu wa shati lake ulichapwa vibaya ukamwagikia nje ya mstari. Aliwajua tangu utoto. Jumapili ile alirudi kutoka misa, akafungua bede yake, kile kijitabu cha hadithi za picha, kama kawaida, akahesabu watu kumi na wawili.

Huyo wa kumi na mbili alivaa kanzu nyeupe. Alisimama nyuma ya mama wa samaki, amewapa wenzake mgongo.

"Macho yanazeeka," Gédéon akajisemea, akaifunika. Lakini vidole vyake vilinuka udi, na nyumba yao ni ya Wakatoliki, mle ndani haujafukizwa udi hata siku moja.

Usimcheke, tafadhali. Mji mzima wa Kasongo ulishamcheka ya kutosha. Ni mwalimu wa darasa la tano, mvi zimeshamwota, lakini hapiti kwa mama muuza mikate ya mafuta bila kuchungulia karatasi anazofungia. Akikuta bede ya zamani inangoja kuchanwa, au kile kiriwaya cha kutia mfukoni kisicho na jalada, hatoki pale mpaka aondoke nacho. Anavipenda vilivyo, na pini zake zenye kutu, na mihuri ya maduka yaliyokufa, na harufu ile ya vumbi na petroli. Ile ya soko, Inspekta Mapengo, namba moja, ndiyo roho yake. Baba yake aliinunua akiwa kijana, akaandika jina lake ndani kwa wino wa buluu, na ndiyo aliyomfundishia Gédéon kusoma, kisha akafa.

Sasa sikia kosa alilofanya. Waislamu wa mjini hawatupi ovyo karatasi yenye maandishi ya dini. Wanaitia kwenye mfuko, mfuko unaning'inizwa darini, na hapo unakaa mpaka uzikwe. Siku chache kabla ya Jumapili ile, nyumba ya marehemu Shehe Abedi ilipobomolewa, mafundi waliukuta mfuko kama huo. "Makaratasi? Hayo ni ya mwalimu Gédéon," wakasema, wakampelekea. Ndani mlikuwa na karatasi moja kubwa, nzito, ngumu kuchanika, imejaa herufi za Kiarabu. Hakuuliza mtu. Aliikata vipande vyenye upana wa kidole, akavibandika kwa uji wa muhogo kwenye migongo ya bede zake zilizochakaa, kumi na saba, na Mapengo ikiwemo. Siku hiyo alilala akitabasamu, maskini.

Jumatatu kanzu nyeupe ilikuwa ndani ya bede nyingine. Jumanne ilikuwa ndani ya bede ya tatu, na zote ni zile alizobandika. Kila siku ilisogea mbele hatua moja, bado imegeuza mgongo, na kila ilipopita viputo vya maneno vilibaki vitupu. Watu wa pichani walikuwa wamefumbua midomo, hawasemi kitu.

Plamedi, binti yake wa pekee, mwenye miaka minane, alikuwa na desturi ya kumsomea mama yake, Emilienne, wakati anatwanga sombe, majani ya muhogo. Jumatano alikwama katikati ya sentensi.

"Soma basi, mama," Emilienne akambembeleza.

"Neno limepotea. Lilikuwa hapa mu kinywa."

Alhamisi salamu zikampotea. Ijumaa akaanza Baba Yetu, akaishia njiani. Jumamosi hakubaki na sauti hata ya kulia, machozi yalimtiririka kimya, na dispensari wakamtazama koo wakasema halina kitu.  Nyumba isiyo na kelele za Plamedi, Gédéon hakuijua.

Siku hiyohiyo, saa saba mchana, jua likiwa utosini na mtaa mzima umepitiwa na usingizi, akasikia kurasa zikifunuliwa ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, moja, halafu nyingine, polepole, kama mtu anayelowesha kidole kwa mate kwanza, na udi ukajaa chumba mpaka ukamkaba, na alipofungua lile sanduku akaikuta ile kanzu imejaza picha nzima, toka juu hadi chini, na bega lake la kushoto limeanza kugeuka.

"Papa Plamedi," Emilienne akanong'ona nyuma yake, "iko nani mule?"

"Hakuna mutu."

"Hakuna mutu, na anafunua kurasa?" Akajifunga kitenge, akatoka mbio kwenda kumwita Bibi Mwamvita, binti wa Shehe Abedi.

Bibi Mwamvita alikuja, hata kiti hakukitaka. Aliinua bede moja, akautazama mgongo wake, akaiachia ianguke.

"Mungu wangu! Mwalimu, weye unajua kusoma hii?"

"Sijue, Bibi."

"Na ukaikata!" Alishusha sauti. "Kulikuwa jini moja, alikuwa anakula sauti za batoto. Baba yangu alimufunga na hii karatasi. Ilikuwa mulango wake. Weye umekata mulango vipande, umemupa manyumba mingi."

"Mutoto wangu atasema tena?"

"Nikisoma yote, tangu mwanzo mupaka mwisho, atasema. Leta zote. Tuziloweshe mu maji, tutoe vipande."

Gédéon alizileta. Zilipoingia beseni moja moja, rangi zikachuja, miaka yake ishirini ya kukusanya ikageuka uji, na hakulalamika. Lakini zilikuwa kumi na sita. Mapengo alikuwa ameificha chini ya godoro. Ule wino wa buluu ndio ungeyeyuka wa kwanza, aliwaza, na jina la baba yake halikuandikwa pengine popote duniani. Kipande kimoja tu, kitaharibu nini?

"Ni zote?" Bibi akauliza.

"Ni zote."

Emilienne alimwamini mumewe, akatandika mkeka.

Vipande vikapangwa juu ya mkeka, mstari kwa mstari, mpaka karatasi ikarudi kuwa karatasi, isipokuwa pengo moja katikati, upana wa kidole.

"Na hapa?"

"Panya walikula, Bibi."

Bibi akainama juu ya mkeka. Kisha akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata maandishi, akafika penye pengo, akanyamaza.

"Papa," Plamedi akasema.

Emilienne alipiga vigelegele akamkumbatia mtoto, Gédéon akaanguka magotini akilia kwa furaha. Bibi Mwamvita hakutikisika. Kidole chake kilikuwa bado juu ya pengo.

"Mimi bado siyamaliza kusoma," akanong'ona.

Gédéon alikimbilia chumbani, akainua godoro, akafunua ukurasa wa saba. Mwenye kanzu hakuwepo tena. Nyuma ya mama wa samaki alisimama mtoto wa kike, sketi ya buluu, shati jeupe la shule, amemkabili yeye moja kwa moja, mdomo wazi, na kiputo cheupe kitupu juu ya kichwa.

"Gédéon," ikaita sauti ya Plamedi kutoka mlangoni, sauti yake yenyewe, tamu vilevile. Hakuna mtoto wa Kasongo anayemwita baba yake kwa jina. "Funika."

Ndani ya kile kiputo herufi zikaanza kuota, kubwa, za kupinda, mwandiko aliousahihisha mwenyewe kila jioni: Papa, usifunike.

Bede ile mpaka leo iko wazi juu ya meza yake, imekandamizwa kwa mawe mawili. Yule anayeishi nao nyumbani anasalimia wapita njia kwa adabu zote, na kila saa saba mchana anakuja kumwomba Gédéon, taratibu, aondoe mawe.