Zabuni ya Tatu Ilitoka Iringa

Siku hiyo soko la Mwanjelwa lilifurika watu, na baridi ya Julai ilikuwa inapenya mpaka kwenye mifupa. Severina Kalinga alivuta sweta la zambarau kutoka kwenye rundo la mitumba, kumbe mkono mwingine ulishalishika upande wa pili.

"Dada, hilo nimeliona mimi kwanza."

"La kike hili, kaka. Utalivaa wewe?"

"Nilitaka kumpelekea mama, Igawa. Lakini nikikutazama, naona mama atanisamehe."

Severina alicheka bila kupenda. Kijana alikuwa mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri, viatu vimejaa vumbi la safari. Aliitwa Bujiku Seni, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Igawa, bonde la Usangu. Aliishi Iringa, akitengeneza programu za kompyuta na wenzake watatu. Severina naye akamwambia kuwa yeye ni Mhehe wa Kalenga, meneja wa ushirika wa wakulima wa mpunga hapo Mbeya. Walikunywa chai, wakapeana namba.

Tangu hapo simu ililia kila jioni.

"Kamwene, malaika wangu."

"Kihehe chako kinanuka maziwa ya ng'ombe!"

"Nicheke tu. Nikija kwenu nitasalimiana na kuku."

Oktoba ilipofika, Severina alikuwa hali chakula cha jioni kabla hajaisikia sauti ile.

Mwezi huohuo ushirika ulitangaza kazi ya kutengenezewa mfumo wa kompyuta wa kupokea mpunga kwenye ghala lake la Igawa na kumpa mkulima taarifa zake kwenye simu. Zabuni tatu zilikuja. Ya kwanza ilitoka nje ya nchi, bei yake nafuu kuliko zote. Ya pili ilitoka Dar es Salaam. Severina alipofungua ya tatu, alirudia kusoma ukurasa wa kwanza. Ilitoka Iringa, na jina la kiongozi wa timu lilikuwa Bujiku Seni.

Alitoka nje akapiga simu.

"Ulijua hii ni ofisi yangu?"

"Nilijua, mpenzi. Wenzangu waliitaka sana kazi hii. Nikaogopa kukwambia, usije ukadhani..."

"Nimeshadhani. Kumbe mimi nilikuwa mlango tu, wa kuingilia."

Akakata. Mchana uleule alimweleza mwenyekiti, Mzee Philbert, ukweli wote, akajitoa kwenye kamati ya kuchagua zabuni. Simu za Bujiku hakuzipokea tena. Jioni zikawa ndefu, na ugali ukapoa mezani.

Wiki tatu baadaye Mzee Philbert alimwita ofisini.

"Mama, tumemaliza. Wale wa nje bei yao tamu, lakini mfumo ukigoma wakati wa mavuno, nani atakuja Igawa? Walisema watasaidia kwa simu tu. Yule kijana wa Iringa alikuja, akashinda ghalani siku mbili na wapimaji wa mpunga. Kazi yake nzuri kuliko zote. Tukamuuliza, mtakuwa nasi mwaka mzima?"

"Akasemaje?"

"Alisema wenzake wawili wanarudi chuoni Januari, kwa hiyo hawezi kuahidi. Akatushauri tuwachukue wa Dar es Salaam, mradi waweke mtu wao Igawa. Tumefanya hivyo." Mzee akavua miwani. "Angeweza kutudanganya, mwanangu. Tungemwamini."

Jumamosi Severina alivaa gauni lake la kijani, akapanda basi la Iringa. Alimkuta Bujiku kwenye chumba chao cha kazi juu ya duka la vitabu karibu na soko, peke yake, amekonda.

"Umekosa kazi," Severina alisema mlangoni.

"Nimekosa. Wenzangu wamenuna mpaka leo." Bujiku alisimama polepole. "Ila sasa ofisi yako haina kitu ninachokitaka. Nikisema nakupenda, hutatafuta sababu nyingine."

"Ungeniambia mapema."

"Ningekwambia. Nilikosea, Severina. Nisamehe."

Severina aliweka mkoba wake juu ya meza, katikati ya nyaya na vikombe.

"Nilikuja kukugombeza," alisema, "nimesahau maneno yote ndani ya basi."

"Basi niseme mimi. Nataka kutuma wazee Kalenga."

"Waje," alisema, machozi na kicheko vikimchanganyikia. "Lakini wewe kaa kimya. Kihehe chako baba asikisikie kabla ya harusi."